Mchora mabango akihamia batiki huku Mbeya, kinachomkwamisha ni nta wala siyo rangi

#1 BrashiNambaSita
Wakuu habari. Fleksi, yale mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, imeshachukua mabango ya maduka kuanzia Mwanjelwa na Kabwe mpaka Tunduma. Anayechora kwa mkono amebakiwa na kuta za shule, vibao vya vijijini na maneno ya nyuma ya malori. Wengi wa fani hii sasa wanaiangalia batiki (unapaka nta ya moto kwenye kitambaa, unakitumbukiza kwenye beseni la rangi, na penye nta rangi haiingii) kwa kuwa inaonekana jirani: rangi ipo, brashi ipo, jicho la mpangilio lipo.

Hoja yangu ni kwamba ujirani huo unadanganya. Rangi mchoraji anaizoea haraka, nta ndiyo inayomshinda. Dalili hapa Mbeya ni ileile: nta inakaa juu ya kitambaa imepauka, ukikunja inapukutika, na kitambaa kikitoka kwenye beseni rangi imepenya chini ya maua yote. Nta iliyoingia sawasawa haina weupe. Kitambaa kinalowa na kuonyesha, na ukikigeuza, alama ya nyuma inakolea kama ya mbele.

Chanzo hasa ni nini? Moto, baridi, kitambaa au mkono? Na anayehama aje na nini, aache nini?

#2 SaeJuu
Ni moto, mkuu. Watu wanafundishwa kuyeyusha nta kwa sufuria mbili, ya chini ina maji, ya juu ina nta. Ni salama kweli, lakini Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Nta iliyo juu ya maji hayo haiwezi kuzidi hapo hata ukichochea mkaa mpaka usiku. Ya kuchorea batiki inatakiwa nyuzi 115 hadi 130. Kwa 94 imeyeyuka, unaiona ni maji, lakini ikigusa kitambaa cha baridi inaganda kabla haijazama.

#3 MwamboWaMatema
Nakubali nusu. Huku Kyela tuko kama mita 500 tu na maji yanachemka kwenye 98, bado hujafika 115. Kwa hiyo mlima usiubebeshe lawama yote. Sufuria mbili zinapungukiwa hata Dar, ila Dar kitambaa na hewa vina joto, nta inapata muda wa kuzama kabla haijaganda. Hizo nyuzi nne za tofauti kati ya Kyela na Mbeya sidhani ndizo zinazoharibu kazi.

#4 MamaBafta
Wanangu, mnakimbilia jiko na kitambaa hamjakigusa. Bafta na popolini vikitoka dukani vina wanga wa kiwandani, ndiyo maana vinakuwa vigumu na vinang'aa. Wanga unazuia nta na unazuia rangi. Chemsha kitambaa kwa maji na sabuni ya unga nusu saa, suuza mpaka maji yatoke safi, anika, piga pasi. Jaribio lake ni rahisi: dondosha tone la maji. Likinywewa papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likisimama juu kama shanga, rudisha jikoni.

La pili, wachora mabango wengi hawajui kuchagua kitambaa kwa sababu wamezoea bati, mbao na ukuta. Wanauziwa tetroni, yenye poliesta, wakiambiwa ni pamba. Chomoa nyuzi chache, washa. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, majivu laini. Yenye poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hiyo rangi ya batiki haiishiki vizuri.

#5 KamweneKihesa
Kamwene wakuu. Shikamoo Mama #4, la wanga ni kweli kabisa, lakini halielezi kwa nini kazi ya Novemba inatoka na ya Julai inaharibika kwa kitambaa kilekile. Mimi naweka baridi na aina ya nta. Mishumaa ya dukani ni parafini, na parafini peke yake ni ngumu na inavunjika. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Mbeya na Njombe hushuka chini ya nyuzi 10. Kitambaa kilichopigwa nta jioni kikalala kibandani, asubuhi ukikishika tu kinalia kwa nyufa.

Dawa ni nta ya nyuki. Nusu kwa nusu ukitaka mistari isiyopasuka. Ukitaka mipasuko ile ya makusudi, parafini sehemu nne kwa nta ya nyuki sehemu moja, halafu unakunja mwenyewe pale unapotaka. Nta ya nyuki ya huku kwetu nunua iliyochujwa. Ile yenye vipande vya masega inaacha madoa ya kahawia kwenye kitambaa cheupe.

#6 BrashiNambaSita
Ahsanteni. Sasa tuna tatu: moto, wanga, mchanganyiko. Mkuu #2, ukiacha sufuria mbili unayeyushia wapi bila kuunguza nyumba?

#7 SaeJuu
Mchanga. Chukua karai, weka mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole vitatu, fukia humo kitako cha sufuria nzito ya nta. Karai likae juu ya jiko la mkaa wenye majivu, usiwe mkaa unaowaka. Mchanga unapita nyuzi 100 bila shida na unasambaza joto, kwa hiyo nta haipati sehemu moja ya kuungulia. Kama una kipimajoto cha nyuzi 200 kitumie. Kama huna, weka kipande cha kitambaa pembeni na kijaribu kila dakika chache: nta ikipauka ni baridi, ikitambaa mbali na mstari wako ni moto mno. Ikianza kutoa moshi, epua hapohapo. Moshi maana yake umeshapita mahali pa kazi na unaelekea mahali pa moto.

Mfuniko wa sufuria uwe karibu na mkono. Nta ikishika moto unafunika, unaondoa jiko. Maji hapana kabisa, yanairusha.

#8 TinaNaPamba
Nyongeza kwa wachora mabango hasa: karakana yenu ina tina ya kuzimulia rangi, petroli ya kuoshea brashi na makopo ya rangi ya mafuta. Jiko la nta lisiingie chumba hicho hata siku moja. Mvuke wa tina unatambaa chini na kufuata moto. Watu wanaanza batiki kwenye kona ya karakana ileile ili kuokoa kodi. Hapo tafuta kibanda cha pembeni au fanyia uani.

#9 MakambakoStendi
Mimi ningeuliza kwanza kwa nini ahame. Rangi ya ukutani bado inalipa: ramani na miili ya binadamu kwenye shule za msingi, matangazo ya kuta nzima, majina ya vyombo. Fleksi inapauka juani na upepo wa Makambako unaichana, rangi ya mafuta iliyopakwa vizuri juu ya bati inaiacha mbali. Na kumbukeni Tingatinga mwenyewe alikuwa mchora mabango wa Dar, hakukimbilia vitambaa.

#10 Namtumbo_Njia
Hapo #9 rekebisha mkuu. Edward Saidi Tingatinga hakuwa mchora mabango. Alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, Ruvuma, akafanya kazi za mkonge na za nyumbani kabla ya kuanza kupaka picha Dar mwaka 1968. Alitumia rangi ya baiskeli juu ya vibao laini vya dari, na alifariki 1972. Miaka minne tu ya kazi.

Mfano unaofaa uzi huu ni George Lilanga. Alitoka kwenye uchongaji wa Kimakonde, akaingia Nyumba ya Sanaa Dar miaka ya 1970, na huko akafanya batiki, wino na rangi ya mafuta. Mtazame alichobeba: mashetani yake ya mbao ndiyo yaleyale yaliyoingia kwenye kitambaa na kwenye ubao. Umbo alilijua tayari, akabadili kinacholibeba.

#11 MakambakoStendi
Nimepokea #10, shukrani. Kwa hiyo na Tunduru tunaihesabu Nyanda za Juu Kusini leo? Haya, Ruvuma imo, mmeshinda.

#12 GridiNaChaki
Naona sababu ya nne, na kwangu ndiyo kubwa: mkono. Mchora mabango anachora kile kitakachoonekana. Herufi nyekundu anaipaka nyekundu, na akikosea anafunika. Kwenye batiki unapaka nta pale unapotaka rangi ya sasa *ibaki*, na hakuna kufunika. Kazi inakwenda kutoka rangi nyepesi kwenda nzito. Mfano wa ua la njano lenye jani la kijani juu ya kahawia:

Kitambaa cheupe, nta pale panapobaki peupe. Beseni la njano. Kikikauka, nta juu ya maua. Beseni la bluu: njano iliyobaki wazi inakuwa kijani. Nta juu ya majani. Halafu kahawia, ambayo inakwenda juu ya kijani, kwa hiyo haitakuwa kahawia ya kwenye kopo, itaelekea kijani cheusi. Aliyezoea kufungua kopo na kupata rangi iliyoandikwa anachanganyikiwa hapo. Achore mpangilio wote kwenye karatasi kwanza, na pembeni aandike kila eneo linapita mabeseni gani.

Halafu kuna mwendo. Brashi ya rangi ya mafuta unaivuta pole mstari mrefu, rangi inajisawazisha yenyewe. Brashi ya nta ina sekunde chache tu. Anayevuta pole anaanza mstari na nta ya moto na kuumaliza na nta iliyopoa, ndiyo maana utaona mwanzo wa herufi umeingia na mkia wake umepauka. Mistari mifupi, unachovya kila mara, unafutia ukingoni mwa sufuria.

Na brashi zenyewe: za nailoni zinajikunja kwenye nta ya moto. Tumia za nywele za nguruwe, na ikishaingia kwenye nta usiirudishe kwenye rangi, haitapona.

Anachokuja nacho chenye thamani ni gridi. Mchora mabango anaweza kuigawa mita tano kwa chaki na maua yakaangukia mahali pake bila rula. Wanaoanzia kwenye batiki moja kwa moja hilo linawatesa sana.

#13 MamaBafta
#12 umesema vizuri baba, la mikia ya herufi ni kweli tupu. Lakini ukinipa kitambaa chenye wanga na mkono wa malaika, nta bado itabanduka.

#14 KostikiKwaMizani
Hakuna aliyegusa beseni. Kuna kazi ambazo nta iliingia vizuri kabisa, alama nyuma ipo, lakini inaachia ikiwa ndani ya rangi. Hapo tazama kostiki, ile soda kali inayotiwa kwenye beseni la rangi. Parafini haidhuriki nayo, ila nta ya nyuki inageuka sabuni kidogo kidogo kwenye kostiki kali. Ukigusa ukingo wa ua unateleza na maji yanakuwa ya maziwa. Kwa hiyo ushauri wa #5 wa nusu kwa nusu unaweza kumponya mtu kwenye mipasuko na kumuua kwenye beseni, kama anapima kostiki kwa kijiko kilichorundikwa.

#15 NjiaPandaUyole
Mkuu #14 tupe vipimo basi. Kila mtu anataja vijiko na kila kijiko kina ukubwa wake.

#16 KostikiKwaMizani
Kwa kipande cha mita 3 cha pamba nyepesi, kama gramu 400 kikiwa kikavu, beseni la lita 10. Mizani ya jikoni ya gramu inatosha. Glovu ndefu za mpira, miwani, na vyombo vya plastiki au chuma kisichopata kutu. Sufuria ya aluminiamu haifai, kostiki inaila.

Kwanza kiini, yaani rangi nzito ya kuanzia: maji nusu lita ya nyuzi 60. Rangi gramu 15, ikandwe na maji kidogo mpaka isiwe na madonge. Kostiki gramu 15 unaitia *kwenye* maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, yanachemka na kukurukia usoni. Halafu haidro (unga unaosaidiana na kostiki kuyeyusha rangi) gramu 15, nyunyiza juu, koroga pole bila kutengeneza povu. Funika dakika 10 hadi 15. Dondosha tone kwenye kioo: liwe angavu, halina chembe. Likiwa na chembe, haidro haitoshi au imekufa.

Beseni: maji lita 9 na nusu, kostiki gramu 35, haidro gramu 35, kisha mimina kiini. Jumla ni gramu 5 kwa lita kwa kila kimoja. Joto la beseni nyuzi 30 hivi. Chini ya 20 rangi inaingia hafifu, na maji ya bomba la Mbeya mwezi wa saba yako chini ya hapo, kwa hiyo changanya na ya moto. Ukizidisha sana nta inalainika.

Kitambaa kiingie kikiwa kimeloweshwa maji ya kawaida, kizame chote, dakika 10 hadi 15, ukigeuza taratibu. Kikitoka rangi itaonekana siyo. Usiogope, na usiongeze rangi. Kining'inize dakika 20 hewani, itajirudi yenyewe. Indigo kwa mfano inatoka kijani-njano na kugeuka bluu mbele ya macho yako, ikianzia kwenye pindo lililokutana na hewa mapema.

Rangi hizi za kostiki na haidro ziko makundi matatu: zinazotaka beseni la nyuzi 60, za 45 hadi 50, na za baridi, 20 hadi 30, zinazoongezewa chumvi. Batiki inahitaji hizi za mwisho. Muulize muuzaji, na asipojua jaribu kwenye kitambaa kidogo kabla ya kununua kilo.

#17 NjiaPandaUyole
Ndaga fijo, mkuu. Haidro iliyokufa inajulikanaje kabla ya kuharibu rangi?

#18 KostikiKwaMizani
Imeganda madonge na haimwagiki. Unyevu ndio unaoiua. Isikae kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Iweke kwenye kopo kavu la mfuniko unaobana. Na isilowe ikiwa kwenye kopo, inapata joto yenyewe na inaweza kuwaka.

Maji ya beseni usimwage mtoni, Nzovwe wala Ruaha Mdogo. Yaache wazi mpaka kesho yake haidro iishe, ndipo upunguze ukali wa kostiki kwa siki. Ukitia siki haidro ikiwa bado hai, inatoa gesi inayokaba koo.

#19 MsindanoSaoHill
Kwa mtu mwenye gridi kama #12 anavyosema, brashi ya nini? Achonge stempu za mbao. Mafinga vipande vya msindano (paini) vinatupwa.

#20 TinaNaPamba
Msindano hapana. Una utomvu, na kwenye nta ya nyuzi 120 unalainika, unatoka na kuingia kwenye nta, halafu unaacha vitone vya njano kwenye nyeupe. Ubao wenyewe unapinda. Kata godoro la sponji, gundisha kwenye kibao kwa ajili ya mshiko tu. Mchora mabango aliyezoea kukata stensili anakata stempu ya sponji kwa wembe bila kufundishwa. Inashika nta nyingi, kwa hiyo inabaki na moto kuliko brashi, na lile tatizo la mkia kupauka linapungua lenyewe.

#21 MsindanoSaoHill
Sawa, nimeelewa. Sponji basi.

#22 RungweParachichi
Tuliosongwa na kokwa za parachichi tunaomba nafasi. Kokwa na maganda yakichemshwa polepole yanatoa rangi ya waridi, na ukitia magadi kidogo inakolea kuelekea wekundu. Magome ya miti ya miwati ya Njombe yana tanini tele, ile dawa ya kulainishia ngozi, na pamba iliyolowekwa humo inashika rangi za mimea vizuri zaidi. Ukiipitisha kwenye maji ya kutu inakuwa kijivu mpaka nyeusi. Kostiki haipo, haidro haipo.

#23 KamweneKihesa
Nzuri kwa kitambaa kisicho na nta, #22. Rangi hizo nyingi zinataka maji ya moto muda mrefu, na nta haivumilii hata nyuzi 60. Tanini na kutu unaweza kufanya kwa baridi, hapo ndipo batiki ya miwati inawezekana: kijivu juu ya cheupe. Ila kutu ikizidi inakula pamba, ndani ya muda kitambaa kinachanika penye weusi.

#24 MakambakoStendi
Narudi kwenye riziki. Batiki inauzwa wapi huku? Maonyesho ya Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale ni siku chache za mwezi wa nane.

#25 MamaBafta
Kwaya, mwanangu. Na sare za kitchen party na harusi. Lakini sare ndiyo inayomfichua fundi, maana wanasimama mstari mmoja na kila mtu anaona aliyepauka. Beseni linachoka: kipande cha kwanza kinakunywa zaidi ya cha nne. Usitumbukize kimoja kimoja ukitegemea vilingane. Pima rangi ya vipande vyote kwa uzito wa kitambaa, tengeneza kiini kimoja kikubwa, kigawe sawasawa, kila beseni liingie idadi ileile kwa dakika zilezile. Kata na kipande cha ziada, kwaya haikosi mtu wa kuongezeka wiki ya mwisho.

Hapo mchora mabango ana faida, amezoea kuandika jina moja kwenye magari kumi yakafanana.

#26 TinaNaPamba
Mama kanikumbusha hesabu. Nta usiihesabu kama imeisha. Ukichemsha kitambaa kuitoa (nyuzi 94 zinatosha kabisa kwa hilo, #2), inaelea. Acha ipoe, inua sahani lake. Kabla ya kuitumia tena iyeyushe kwa moto mdogo mpaka iache kutatarika, la sivyo maji yaliyobaki yanairusha. Maji ya kuchemshia usiyamimine kwenye bomba la choo yakiwa ya moto, nta inaganda njiani na kuziba.

#27 BrashiNambaSita
Nimesoma yote. Tuna moto, wanga, parafini na baridi, mkono, kostiki. Ukikata vipande vinne vya bafta moja: kimoja kimetolewa wanga na nta ya mchanga, kimoja kimetolewa wanga na nta ya sufuria mbili, kimoja kina wanga na nta ya mchanga, kimoja kina wanga na nta ya sufuria mbili. Parafini ileile, mkono uleule, beseni moja. Ya #2 na ya #4 zitajulikana.

#28 MwamboWaMatema
Hapo umesahau baridi ya #5. Vifanywe lini, Julai au Novemba? Na kama ni parafini tupu, ya #14 humo haitaonekana.

#29 GridiNaChaki
Na anayepaka awe nani? Akipaka aliyezoea nta, tatizo la mkono halitatokea kwenye hata kimoja. Mpeni mchora mabango ambaye hajawahi kushika nta, na mtazame mikia ya herufi.

#30 MamaBafta
Vioshwe vyote kwanza, hata hivyo viwili vya wanga, kisha virudishiwe wanga wa uji mwepesi. Wanga wa kiwandani hulijui kiasi chake. Na mstari wa kupima msiuchore kwa chaki ya rangi, inashika kwenye pamba. Tumieni penseli nyepesi.